Mdhamini ni Nani? Istilahi na Mgongano wa Masilahi katika Hatifungani

Makala hii inachunguza neno moja: mdhamini. Kwa mchuuzi wa ndizi katika soko la Daraja Mbili, Kisii, mdhamini ni mtu atakayelipa mkopo mwenzake akishindwa. Kwa shabiki wa kandanda ni kampuni inayogharimia ligi. Nayo Bodi ya Wadhamini hutunza mali kwa niaba ya wengine.

Utata huu ungevumilika lau si hatifungani zinazotegemezwa na mali, ambapo mapato ya kesho huuzwa leo kwa wawekezaji. Mwaka 2025, hatifungani ya aina hiyo, ya takribani shilingi bilioni 44.8, iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi kugharimia uwanja wa Talanta. Mwenye kubuni mpango kama huo, mtunza haki za wawekezaji na mwenye kuahidi malipo huweza wote kuitwa wadhamini, ilhali masilahi yao huweza kugongana.

Hatari si ya kinadharia. Mwaka 2010, Goldman Sachs ilikubali kulipa dola milioni 550: wanunuzi wa Abacus 2007-AC1 hawakuelezwa kwamba aliyesaidia kuteua mali zake ndiye aliyeweka dau ziporomoke. Kanuni ya Marekani ya Novemba 2023 humkataza mbunifu wa mpango, miongoni mwa wengine, kuweka dau la namna hiyo hadi mwaka mmoja baada ya mauzo ya kwanza. Tukitafsiri ‘mdhamini’, msomaji atauliza: yupi?

Napendekeza wa kwanza aitwe mwanzilishi. Wa pili kabidhi, neno ambalo Watanzania wanalo tayari katika Kabidhi Wasii. Na mdhamini abakie wa tatu pekee.