Likizo ya Mavuno: Watoto Wacheze, Wajifunze

Kwa mzazi na mlezi wa Suam, Endebess na vijiji jirani

Likizo ndefu ya shule huja mahindi yakivunwa, na watu wazima wote wako shambani. Mtoto hushinda na simu, au huzurura kando ya malori na mto Suam. Vifaa vya kumshughulisha vimejaa uani na havinunuliwi. Anachokosa zaidi ni mtu mzima wa kumuuliza swali na kungoja jibu lake.

Anzeni na gorogoro. Gorogoro moja ya mahindi ni takriban kilo 2, na gunia ni kilo 90. Kabla ya kujaza gunia, mwambie mtoto akisie litameza gorogoro ngapi. Akisema ishirini, usimcheke wala usimsahihishe. Mpe kipande cha mkaa achore mstari kila gorogoro inapomiminwa, akiifunga tano tano. Gunia likijaa, mistari itakuwa kama 45, naye ataihesabu mwenyewe. Kisha muulize: kwa bei ya leo sokoni, gunia zima ni pesa ngapi?

Sisi wa mpakani tuna bahati nyingine: shilingi ya Kenya na ya Uganda zote hupita mikononi mwetu. Watoto wakicheza kalongo, wafungue duka, wakate noti za karatasi, na mmoja awe wa kubadilisha pesa kwa bei ya siku hiyo. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza nchini kote mwaka 2019, unataka mtoto ajifunze kwa kutenda namna hii.

Maguguta ni matofali ya kujengea, mabua ni magari. Chimbeni mashimo kumi na mawili, safu mbili za sita, kila shimo kete nne, mcheze bao. Michezo ya kati na kuruka kamba ni ya jioni, jua likipoa.

Usiku ni wa vitendawili na hadithi. Nyanya na babu wavitege kwa Kisabaot, Kibukusu au Kipokot, kwa lugha waijuayo vizuri. Wasimulie pia habari za ndovu wa Mlima Elgon wanaoingia pango la Kitum gizani kutafuta chumvi. Kesho yake mtoto aichore hadithi hiyo, kisha aiandike kwa Kiswahili. Usimkatize kila anapokosea herufi.

Tahadhari chache. Mbegu za kupanda zilizopakwa rangi zina dawa, na mahindi ya ghala yaliyonyunyiziwa dawa pia si ya kuchezea. Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe punje wala maharagwe, kwani huyatia puani au yakamkaba kooni. Mvua ikinyesha mlimani, mto hujaa ghafla hata kama kwenu ni kukavu, kwa hiyo mtoto asiende mtoni peke yake.

Kupukuchua mahindi pamoja na mzazi, mkipiga hadithi, ni malezi mema. Kumbebesha mtoto magunia, kumtuma kuvusha mizigo mpakani au kumpeleka kibarua badala ya mtu mzima ni kumdhulumu, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda. Ukiona mtoto anatumikishwa hivyo, awe wako au wa jirani, usinyamaze. Piga simu 116. Simu hiyo ni ya bure, mchana na usiku.