Kusoma sana hakuharibu ubongo

Huenda umesikia wakisema bombani: "Kijana yule alisoma sana, ubongo ukachoka, akachanganyikiwa." Wengine husema tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, na ukizidisha unaharibika. Si kweli. Ubongo wote hufanya kazi, hata ukilala. Mwache mtoto asome.

Kinachodhuru ni msongo wa mawazo usiokwisha: vita tulivyokimbia, kufiwa, chakula kupungua, ndugu asiyejulikana alipo. Mwili hukaa kama wa mtu anayetaka kukimbia. Moyo hudunda, usingizi hupotea, hasira huja upesi. Hali hiyo ikidumu, mtu anaweza kushindwa kupika, kulima, hata kuongea na watoto wake. Huo ni ugonjwa, si uchawi wala uvivu.

Msaada upo. Mwaka 2017, huko Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti. Waliokutana kwa vikundi mara 5 kujifunza kukabili msongo walipata nafuu kuliko wenzao.

Wewe ufanye nini?

1. Mweleze mtu unayemwamini.
2. Lala na uamke saa zilezile.
3. Usitafute usingizi kwenye waragi.
4. Dalili zikipita wiki 2, nenda kituo cha afya.

Mgonjwa asifungwe kamba. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Mlete kituoni leo hii.