Gari Kuukuu Linakula Pesa Ngapi kwa Mwezi? Jibu Liko Kwenye Simu Yako

Muulize mwenye gari yeyote hapa Kakamega gari lake ni la pesa ngapi, atakutajia bei aliyonunulia. Muulize limekula ngapi miezi sita iliyopita, ataanza kukuna kichwa. Si kwamba anaficha. Pesa ya gari kuukuu haitoki kwa mkupuo: ni elfu mbili leo, mia nane Jumamosi, na nyingi inapitia kwenye simu. Kwa hivyo omba taarifa ya malipo yako ya miezi sita, kisha uchukue kalamu.

Tuseme mwalimu wa upande wa Shinyalu alinunua Toyota Corolla 110 kwa shilingi 350,000. Corolla hiyo ilianza kuundwa mwaka 1995, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, iliyoko sokoni leo imeshapita mikono kadhaa humu humu nchini. Anapigia mstari kila malipo ya gari: oili na filta 4,800, tairi mbili 11,000, betri 8,500, rejeta 9,500, gari la kuvuta 5,000, na ufundi 6,200. Jumla ni 45,000, yaani 7,500 kila mwezi, kabla ya petroli na bima.

Sasa angalia vizuri. Oili, tairi na betri zingemfikia tu, maana ni vitu vya kuisha. Lakini rejeta na gari la kuvuta vina hadithi yao. Mpira wa maji ulianza kuvuja mapema, fundi akamwambia, "Mwalimu, badilisha hii." Yeye akawa anaongeza maji ya chupa kila asubuhi. Siku anamrudisha mama kutoka kliniki Kisumu, mpira ukapasuka kwenye mlima wa kupanda Kiboswa, injini ikachemka, jioni hiyo hiyo 14,500 zikaenda. Mshahara ulikuwa bado, akachukua mkopo wa simu, na mkopo nao una ada yake. Mpira ule ungemtoa kama 1,500 hivi.

Hiyo 7,500 ndiyo namba yako ya kufanyia kazi. Siku mshahara unapoingia, itenge kwenye akiba ya kufunga, kabla duka na karo hazijaipata. Mwezi ambao gari halijasumbua, usiiguse. Tena kumbuka kampuni nyingi za bima husitasita kuuza bima kamili kwa gari lililopita miaka 15, hivyo hata ukigongwa na ng'ombe, mfuko ni wako.

Kuna ile ya "tuma elfu tano nikimbie town nichukue spea." Fundi wengi ni watu waaminifu, lakini ukilipa duka la spea moja kwa moja kwa namba ya Till, unajua bei halisi, na jina la duka linabaki kwenye taarifa yako. Ufundi mlipe kando, kazi ikiisha. Kama ni tairi, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni kabla hujalipa: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa stoo miaka sita ni nyeusi na inang'aa kama mpya, lakini mpira wake umezeeka.

Na kama ndiyo unataka kununua, usitume depositi hata ya elfu moja kabla ya kuangalia rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Ada ni shilingi 550. Utaona jina la mwenye gari, ulinganishe na logibuku na kitambulisho cha anayeuza. Jina la kupokea pesa kwenye simu nalo liwe lile lile. Akikwambia "tuma kwa namba ya shemeji yangu," funga simu kwanza, mkutane ana kwa ana.

Ujumbe wa malipo ya spea usiufute. Betri ikifa ndani ya muda wa waranti, utamwonyesha muuzaji tarehe, saa na kiasi.