Majani ya Kienyeji na Kisukari: Utafiti Unasema Nini?

Kwa wakazi wengi wa Dallas, Embu, kishona nguo ni gugu tu. Hata hivyo, ni miongoni mwa mimea ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliifanyia majaribio, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Panya walidungwa aloksani, kemikali inayoharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Walipopewa dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye mimea hiyo, sukari ilishuka. Majani mengi ya aina hii pia yana antioksidanti, viambato vinavyokinga seli dhidi ya uharibifu.

Lakini panya hupimwa uzito, na dawa yake hupimwa kwa miligramu. Sufuria ya nyumbani haina kipimo hicho.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari akiongeza majani kimyakimya, sukari inaweza kushuka chini ya 3.9: jasho, kutetemeka, hata kuzirai. Anayeacha dawa za hospitali huharibikiwa figo na macho polepole, bila maumivu.

Wengi hufichia kliniki wakiogopa kukaripiwa. Mwambie daktari unachokunywa, na ikiwezekana umpelekee jani lenyewe alione.