Mdhamini Aliyejua Atalipa

Somo: Mwanzo 43:8-9, Mwanzo 44:18-34, Waebrania 7:22

Upendo wa Mungu tunauimba karibu kila ibada, na ni vizuri. Lakini neno likizoeleka sana linakuwa jepesi mdomoni. Wiki hii nataka tulipime neno upendo kwa neno lingine mnalolijua vizuri kutoka kwa sacco na vyama vyenu: mdhamini. Waebrania 7:22 inamwita Yesu kwa jina hilo hilo. Yeye ndiye mdhamini wa agano linalolishinda lile la kwanza.

Sote tunajua kazi ya mdhamini. Ukitaka mkopo kwa sacco, fomu haiishii kwa jina lako. Wanachama wengine wanaweka sahihi, na akiba yao inakuwa dhamana. Tuseme ndugu amekopa shilingi 300,000, mkamdhamini watu watatu. Akalipa kidogo, salio likabaki 240,000, halafu simu ikazimwa. Sacco itawageukia nyinyi. Kila mmoja anakatwa 80,000 kutoka kwa akiba aliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka. Hukula hiyo pesa, hata hujui ilinunua nini, lakini umelipa.

Nilisomea biashara, na naweza kuwaambia hivi: mdhamini huweka sahihi akitumaini kwamba siku ya kulipa haitafika. Tunaangalia mshahara wa mtu, tabia yake, na amekaa kazini miaka mingapi. Tukiona atalipa, tunasaini. Tukiona hatalipa, ghafla kalamu inaisha wino.

Shikilia hilo, halafu twende nyumbani kwa Yakobo.

1. Dhamana mbili mbele ya mzee mmoja

Njaa ilikuwa kali Kanaani. Chakula kilikuwa Misri, na mkuu wa nchi ile, ambaye ndugu hawakujua ni Yusufu, alikuwa amemfunga Simeoni na kusema wasirudi bila Benyamini. Yakobo akakataa kabisa kumwachilia kijana.

Wa kwanza kujaribu ni Reubeni (Mwanzo 42:37). Alimwambia baba yake kwamba asipomrudisha Benyamini, awaue wanawe wawili. Hebu fikiria. Mzee amepoteza mtoto, halafu anaahidiwa kuua wajukuu wawili. Hiyo ingemfariji vipi? Reubeni alitoa dhamana kubwa, lakini aliyekuwa hatarini si yeye. Yakobo alikataa.

Baadaye Yuda akasema: mimi mwenyewe ndiye dhamana. Asiporudi, unidai mimi, na lawama iwe juu yangu siku zote. Yakobo akakubali. Na kumbuka huyu Yuda ni nani. Ndiye aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu, akauzwa kwa vipande 20 vya fedha (Mwanzo 37:26-28). Mtu aliyemuuza ndugu mmoja sasa anajiweka rehani kwa ajili ya mwingine.

Siku ya kudaiwa ikafika. Kikombe cha Yusufu kikapatikana katika gunia la Benyamini. Yuda hakutafuta kona ya kujificha. Alisogea mbele, akaomba abaki yeye kuwa mtumwa, kijana arudi kwa baba yake. Hapo ndipo upendo ulipoonekana: jina lililoahidi nyumbani lilijitokeza mahali pa kulipa.

2. Kristo alimpita Yuda

Waebrania 7:14 inatukumbusha kwamba Bwana wetu alitoka katika kabila la Yuda. Lakini yeye alikwenda mbali kuliko babu yake.

Benyamini hakuwa mwizi. Kikombe kiliwekwa katika gunia lake kwa amri ya Yusufu. Sisi gunia letu lilipofunguliwa, vilivyokuwamo vilikuwa vyetu. Warumi 5:6-8 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tukiwa bado wenye dhambi. Hakungoja tabia zetu zionyeshe kwamba tutalipa.

Pia, Yuda alijitoa lakini hakulipa. Yusufu alishindwa kujizuia, akalia, akajitambulisha, na wote wakawa huru. Gethsemane mambo hayakwenda hivyo. Bwana aliomba mara tatu kuhusu kikombe chake, na kikombe hakikuondolewa. Akakinywa.

Na Yuda, kama wadhamini wote, alitumaini safari itakuwa salama. Kristo alijua. 1 Petro 1:18-20 inasema Mwana-Kondoo huyu alijulikana kabla ulimwengu haujawekwa msingi. Alidhamini watu ambao alijua wazi hawatalipa, na alijua gharama. Kwa lugha ya biashara, sisi tulikuwa mkopo ambao hakuna kamati ingeupitisha. Alisaini hata hivyo, na bado alijua wino wenyewe ungekuwa damu yake.

Kuna wanaouliza: je, Mungu hakufanya kama Reubeni, kumtoa mwingine ateseke? Hapana. Katika Yohana 10:18 Yesu anasema hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe. Na 2 Wakorintho 5:19 inasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Msalabani Mungu hakutuma bili kwa mtu mwingine. Aliibeba mwenyewe.

Ndiyo maana sadaka zetu si za kumlipa Mungu deni. Zaburi 49:7-8 inasema hakuna mtu anayeweza kumkomboa ndugu yake wala kumpa Mungu fidia yake. Toa kwa shukrani, mpendwa. Usitoe kama mtu anayelipa kwa awamu deni ambalo limeshafutwa.

3. Basi tudhaminiane ovyo?

Hapa niseme wazi, kwa sababu jambo hili linaumiza nyumba nyingi za waumini. Mtu anakuja na fomu na kusema, "Pasi sahihi, wewe si ndugu yangu katika Kristo?" Ukisita, unaambiwa huna upendo.

Biblia hiyo hiyo inayomwita Yesu mdhamini inatuonya tusikimbilie kudhamini. Soma Mithali 6:1-5, 11:15 na 17:18. Mithali 22:26-27 inauliza kwa nini kitanda chako kichukuliwe ukiwa huna cha kulipa. Maneno haya mawili hayapingani. Kristo alidhamini akiwa na uwezo wa kulipa deni lote. Ukisaini kile usichoweza kubeba, unafanya kama Reubeni: wanaowekwa rehani ni watoto wako na karo yao.

Kwa hivyo kabla ya kusaini jiulize: huyu akishindwa kabisa, naweza kulipa bila kumlaani na bila nyumba yangu kulala njaa? Kama jibu ni ndiyo, na mwenzako wa ndoa anajua, saini kwa upendo. Kama ni hapana, sema hapana kwa upole, kisha umpe kile ulicho nacho, hata kama ni kidogo. 1 Yohana 3:18 inatutaka tupende kwa matendo na kweli. Ahadi usiyoweza kuitimiza si tendo.

4. Kwa aliyekimbia deni, na kwa aliyeachiwa

Ndugu, dada, kama kuna mtu anakatwa kwa sababu yako, usijifunike na msalaba. Damu ya Yesu imelipa deni lako kwa Mungu. Haikumlipa jirani yako shilingi zake. Zakayo alipokelewa na Yesu kwanza, kisha akasimama akaahidi kurudisha mara nne (Luka 19:5-9). Neema ilimtuma kulipa. Huna pesa yote? Washa simu. Mwambie ukweli. Anza na 1,000 kwa mwezi.

Na wewe uliyeachiwa mzigo, najua uchungu wako si wa pesa peke yake. Ni kumwona mtu akiinua mikono ibadani huku wewe ukihesabu makato. Msamaha haukukatazi kudai haki yako. Mathayo 18:15-16 inakupa njia: nenda kwake kwanza mkiwa wawili, kisha na shahidi mmoja au wawili. Wazee wa kanisa wako tayari kukaa nanyi. Lakini usiache hasira ikule. Wewe umelipa deni lisilo lako bila kupenda. Mwokozi wako alilipa kwa kupenda, na anakielewa kidonda chako kuliko yeyote.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Reubeni na Yuda walitofautiana wapi katika dhamana waliyotoa?
2. Kuna mahali ambapo bado unajaribu kumlipa Mungu?
3. Ni nani unayepaswa kumpigia simu wiki hii, kulipa au kusamehe?

Sala: Bwana Yesu, asante kwa kuweka jina lako mahali petu ukijua gharama. Tupe moyo wa kulipa tunachodaiwa, hekima ya kuahidi tunachoweza, na neema ya kusamehe. Amina.