KIKUBA CHA BIBI ARUSI

Katekista mmoja wa upande wa Kisarawe ametuuliza neno, nasi twaona yafaa kulijibu mbele ya wote. Binti wa usharika wake ataolewa kanisani. Bibi yake mzaa mama, ambaye ni Mwislamu, amesema atamfungia kikuba kwa mikono yake mwenyewe. Wazee wa kanisa wamegawanyika. Baadhi yao wasema kikuba ni desturi ya dunia, binti na achukue shada la dukani, kama arusi za Kibaha.

Kwanza tukitambue kitu chenyewe. Kikuba ni kifungo kidogo cha maua na majani yanukiayo: asumini, rihani, waridi, vilua, pengine na mkadi. Mwanamke hukivaa kifuani. Watu wa pwani wote waelewa maana yake, ya kwamba huyu apendwa, na siku hii si kama siku nyingine. Someni Wimbo Ulio Bora, sura ya 1, aya ya 13, ambapo mpenzi afananishwa na kifurushi cha manemane kilalacho kifuani. Msomaji wa Ulaya ahitaji mwalimu wa kumweleza aya hiyo. Mama wa Kizaramo hamhitaji.

Wala sisi Walutheri tusijifanye wageni wa mambo haya. Tarehe 8 Julai 1530, Martin Luther, akiwa katika ngome ya Coburg, alimwandikia Lazarus Spengler wa Nürnberg kumweleza alama yake. Msalaba ni mweusi kwa kuwa huua na kuumiza. Moyo ni mwekundu, rangi yake ya asili, kwa maana msalaba wauacha hai. Waridi ni jeupe, maana imani huleta furaha na amani isiyo ya dunia hii. Uwanda wa samawati ni tumaini la mbinguni, na pete ya dhahabu ni uzima usio na mwisho. Baba yetu huyo hakuona haya kuifundisha Injili kwa ua.

Lakini angalieni, Luther alieleza. Ua hupata maana kwa moyo wa alitoaye. Mariamu wa Bethania alipomimina nardo, Yuda alihesabu dinari 300, bali Bwana aliyataja maziko yake. Shada la dukani si dhambi, ila mara nyingi ni la plastiki, na aliyelifunga hamjui bibi arusi.

Tusifiche jambo moja: wako watu wafungao hirizi au dawa ndani ya maua. Hiyo Mkristo haivai. Basi katekista asikae barazani kudhani. Aende kwa yule bibi, amwamkie shikamoo, amwulize kwa adabu kilichomo. Tangu wamisionari wa Kijerumani walipojenga kituo Kisarawe mwaka 1892, nyumba nyingi za Uzaramo zina Wakristo na Waislamu chini ya paa moja, na mzee aliyekataliwa zawadi yake hasahau upesi.

Akijibiwa kwamba ni maua tu, ashukuru, naye binti akivae. Asumini ichumwe jioni ya kuamkia arusi, ikiwa ingali matumba, kwa kuwa hufunguka usiku, na kesho yake jua likipanda huanza kunyauka. Kwa hiyo ibada ianze mapema.