Kabla Hujasema Ndiyo

Msimu wa maharage ukianza Nyabibuye, mkoani Kigoma, mnunuzi mwenye pikipiki hatangulizi mizani. Hutanguliza salamu. Huuliza hali ya wajukuu, hukaa kwenye kigoda, na akiaga humwachia mwenye shamba nusu kilo ya sukari: "Ya uji wa watoto, mama." Bei haijatajwa. Baada ya siku mbili anarudi kuomba gunia moja kwa mali kauli, atalipa siku ya soko. Analipa kweli. Safari inayofuata anataka magunia manne, yashindiliwe na kujazwa hadi yafanye kichwa, na hela zitakuja Jumatatu. Mama anajua kuwa ujazo huo, lumbesa, unampunja. Anajua pia kuwa Jumatatu hiyo inaweza isifike. Lakini roho inamsuta kumkatalia. "Haya mwanangu, nimekuamini."

Mama huyu hajakosa akili. Sukari imemwachia deni la fadhila, gunia la kwanza limemzoesha kukubali, na neno "nimekuamini", likishatamkwa mbele ya majirani, ni gumu kulirudisha. Kulipa fadhila, kushika neno, kumpokea mgeni vizuri: yote ni malezi mema. Mbinu za ushawishi hupita humo humo kwenye wema wetu, ndiyo maana humpata hata mtu mwerevu, na ndiyo maana ninaona ni kosa kubwa kumcheka aliyetapeliwa. Aliyechekwa hanyanyui tena mdomo kuwaonya wenzake.

Hatua ndogo inayovuta kubwa ilipimwa zamani. Mwaka 1966 watafiti Jonathan Freedman na Scott Fraser walichapisha jaribio walilofanya California, Marekani. Wenye nyumba waliombwa wasimike mbele ya nyumba zao bango kubwa, tena baya, la kuhimiza uendeshaji salama. Katika kundi lililoombwa bango hilo moja kwa moja, waliokubali walikuwa asilimia 17 hivi. Wengine walikuwa wametangulia kuombwa kitu kidogo, kubandika kibandiko chenye ujumbe huo huo, na wiki mbili baadaye wakaombwa bango. Hao walikubali kwa asilimia 76. Bango lilikuwa lile lile.

Basi tenganisha mambo. Sukari irudishiwe fadhila kwa kichane cha ndizi, na maharage yauzwe kwa mizani. Lumbesa ni marufuku kisheria, gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, na anayelazimisha anaweza kushtakiwa kwa Wakala wa Vipimo kupitia ofisi ya kijiji. Kama mdomo ni mzito kusema hapana, weka tayari sentensi moja ya heshima: "Mwanangu, mazao haya ni ya nyumba nzima, ngoja tuzungumze kwanza." Mnunuzi mkweli atarudi kesho. Yule anayesema bei hiyo inaisha saa hiyo hiyo amekuonyesha nia yake.

Nyanda hizi zina historia ndefu ya kukubali kwanza na kujua baadaye. Wazee wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kuelezwa manamba, vibarua wa mkataba wa mashambani, walikuwa akina nani. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, na Buha, yaani nyanda hizi, ikawa moja ya sehemu ilikovuna nguvu kazi. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha huku zilikuwa adimu, kwa hiyo aliyekuja kuandikisha watu alikuta kazi ya kushawishi imekwisha kufanywa nusu na shida. Mtu aliweka dole gumba nyumbani, akaiona kazi yenyewe baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Tanga. Huko hata aliyejuta hakuwa na njia rahisi ya kurudi.

Siku hizi anayekuja ni dada aliyevaa vizuri, au shangazi wa mbali, anatafuta binti wa kazi za ndani mjini. Nauli analipa yeye, na safari ni kesho alfajiri. Kabla binti hajapanda gari, mzazi apate jina kamili la mwajiri na azungumze naye kwa simu, mshahara utajwe kwa tarakimu, na mwenyekiti wa kitongoji ajulishwe nani anamchukua na anampeleka wapi. Binti ashike mwenyewe kitambulisho chake na namba za simu za nyumbani, nyingine akiwa amezikariri kichwani. Tanzania ina sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008. Mwenye nia njema hatakasirika kuulizwa haya.

Kuna pia nguvu ya wengi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na foleni yenyewe ikawa tangazo: aliyeiona alisema watu wote hawa hawawezi kuwa wamekosea. Wapo waliofia njiani, na wapo walioacha dawa za hospitali. Upatu nao huenea hivyo hivyo. Kampuni ya DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009, iliwaambia watu wapande mbegu ya fedha ili wavune, na wa mwanzo walivuna kweli, kwa fedha za waliowafuata. Ushahidi wa jirani aliyelipwa ulikuwa wa kweli, lakini haukuonyesha fedha zinatoka wapi. Ukialikwa leo na kundi la simu linalolipa watu kwa kutazama matangazo huku wakileta wenzao, uliza swali hilo moja: kama wanachama wapya wakikoma kuingia leo, mimi nitalipwa na nani? Na fedha za kikoba zisiingizwe humo kwa sababu tu mweka hazina amefaidika mara moja.

Ushawishi wenyewe si uovu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaamua pamoja kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hapo pia kulikuwa na nguvu ya wengi, na ahadi mbele ya majirani. Lakini kila kikundi kilipewa nafasi ya kubishana kabla ya kutenda. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo: anayekushawishi anakuruhusu ukaulize? Nesi wa chanjo ukimwambia unakwenda kuzungumza na mumeo, atakueleza lini kliniki inarudi. Tapeli atakuambia usikate simu.

Kwenye simu ndiko mamlaka ya bandia hutumika sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale aliwaweka watu mbele ya mashine waliyoamini inampiga mwenzao shoti ya umeme. Msimamizi aliwaambia waendelee, na 26 kati ya 40 walifika mwisho wa kipimo. Anayekupigia akisema yeye ni afisa wa mtandao, laini yako inafungwa sasa hivi, anatumia utii huo huo na kuuongezea haraka, ili usipate nafasi ya kumuuliza hata mtoto aliye kando yako. Kata simu. Ukitaka uhakika piga mwenyewe namba 100, huduma kwa wateja. Namba ya siri hapewi mtu yeyote, awe na cheo gani. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" upeleke 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana laini usiyoijua inaweza kutumika kuwaibia wengine kwa jina lako.

Ikiwa fedha zimekwisha kutoka, usifute ujumbe kwa aibu. Piga 100 papo hapo uombe muamala uzuiwe, ukiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala mkononi, kwa sababu mpokeaji akishazitoa kwa wakala ni vigumu kuzipata tena. Kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB, namba ya taarifa yako. Atakayekupigia kesho yake akisema anaweza kukurudishia hela zako kwa ada kidogo, mara nyingi ni yule yule wa jana au mwenzake.